Miaka 36 Nimepiga Picha za Mifupa: Niliyowaambia Wastaafu Watarajiwa, Tanga

Haya niliyasema kwenye semina ya wastaafu watarajiwa hapa Tanga. Waliokosa nafasi waliniomba niyaandike, nami nimeyaandika kama yalivyonitoka. Picha nilizowaonyesha ukutani sikuziweka, kwa sababu wenyewe waliniruhusu niziangaze ukumbini tu, zisitoke nje.

Mwenyekiti wetu, wastaafu wenzangu, na nyinyi ambao bado mnahesabu miezi: asalaam aleikum! Bwana Yesu asifiwe! Tumsifu Yesu Kristo! Na ambao sijawagusa, hamjambo?

Nimepangwa baada ya ndugu yetu wa hatifungani, aliyetueleza kuwekeza pesa, na kabla ya pilau. Nafasi mbaya kuliko hii sijapata kuiona. Nyuma yangu pesa, mbele yangu chakula, na katikati bibi mwenye kamera. Nitajitahidi.

Nianze na swali. Nani humu ana picha nzuri ya mama yake? Nyoosheni mikono. Ngojeni kwanza. Sisemi ile ya simu, mama yuko nyuma ya watu kumi na wanne ameshika sahani. Nasema mama peke yake, picha ambayo ukiitazama unasema: naam, huyu ndiye. Haya, mikono juu.

Nahesabu sita. Na humu tumezidi themanini. Shusheni, tutarudi hapo.

Mimi ni mpiga picha. Ndiyo kazi yangu, nailipia leseni na kodi. Lakini nusu yenu mnanijua kwa jina jingine. Mnaniita Mama Eksirei. Naona mnacheka. Mzee pale nyuma unacheka sana, nawe nimekuona mpaka mbavu.

Tangu mwaka 1981 hadi 2017 nilifanya kazi chumba cha mionzi. Miaka 36. Kila siku ya Mungu maneno ni yaleyale: "Vuta pumzi. Bana. Bana hapohapo. Haya, pumua." Kifua lazima kijae hewa ndipo mapafu yaonekane vizuri, na mtu akitikisika kidogo tu picha imeharibika. Basi unambana na pumzi yake, unabonyeza, mwingine aingie.

Halafu unakwenda chumba cha giza. Vijana wa leo hawakijui. Taa ndogo nyekundu, matangi ya dawa, na filamu unaitumbukiza huku macho yako kwenye saa. Ile dawa ya pili, ya kugandisha picha, ina harufu ya siki. Marehemu mume wangu alikuwa akinipokea mlangoni ananiambia, "Kachumbari imefika." Lakini nilikipenda chumba kile. Filamu imeingia nyeupe tupu, mara mbavu zinakuja, taratibu, kama mtu anayetokea ukunguni. Nimeiona mara maelfu na haikunichosha. Kompyuta zilipoingia, filamu zikaondoka, na chumba changu cha giza kikawa stoo ya maboksi. Siku walipoweka kufuli pale, nilihisi nimestaafu kabla ya barua.

Sasa nisikilizeni vizuri. Miaka 36 nimewapiga watu picha, na nyuso zao sizikumbuki. Mnajua kwa nini? Kwa sababu picha ya kifua mgonjwa anasimama kifua kwenye kaseti, lile kasha la filamu, mgongo kwako. Nimewaona watu wa Tanga migongo! Ngamiani yote, Chumbageni, Makorora, wamepita mbele yangu, na mimi nimebaki na migongo na namba za mafaili.

Nilipostaafu sikufikiria kamera. Nilifanya kama kila mtu. Mstaafu akipata kiinua mgongo anafanya nini? Mmesema wenyewe: kuku! Nikajenga banda, nikaleta kuku wa mayai mia tatu. Chanjo nikachelewesha kwa uzembe wangu mwenyewe, kideri kikaingia siku ya Jumatatu, na Ijumaa nikawa na banda zuri sana lisilo na kitu. Nitalirudia banda hilo.

Mwaka uliofuata akafariki muuguzi mmoja tuliyefanya kazi pamoja zaidi ya miaka ishirini. Mtu wa milimani, Lushoto huko, mcheshi, aliyenisaidia siku niliyofiwa na mume akalala kwangu usiku tatu. Watoto wake wakanijia asubuhi. "Mama, wewe ulikuwa naye karibu, huna picha ya mama? Tunataka ya kuweka mbele ya jeneza."

Ndugu zangu, nikakaa kitandani nikafikiri. Kifua chake nilikuwa nimekipiga mara mbili. Moyo wake naujua ulivyokaa. Ana mfupa wa bega uliowahi kuvunjika akiwa mtoto, ukaunga vibaya kidogo, nauona mpaka sasa nikifumba macho. Na uso wake sikuwa nao. Miaka ishirini na kitu. Uso wake sikuwa nao!

Wakaenda kukuza picha ya kitambulisho. Mnazijua picha hizo. Imepigwa na mtu mwenye haraka, kwenye foleni, mtu kakodoa macho kama aliyeambiwa atashtakiwa. Ikakuzwa mpaka uso ukavunjikavunjika kama vigae. Ndiyo tuliyomuagia. Na yule mama alikuwa anacheka kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, na wa kumkasirikia simwoni. Wiki ya pili nikaingia studio moja ndogo Ngamiani, nikamwambia kijana mwenye studio, "Mwanangu, nifundishe kupiga picha za watu." Akaniuliza, "Pasipoti saizi, mama?" Alidhani nataka kupigwa.

Nilikuwa na miaka 61, mwalimu wangu ana 26. Tukakubaliana ada, na kila asubuhi nakuja na vitumbua. Je, ni aibu? Wiki ya kwanza, ndiyo. Mteja anaingia ananisalimu mimi shikamoo, kisha ananiomba nimwitie mwenye studio, na mwenye studio ni mjukuu wangu kwa umri. Unajifunza kuinama. Magoti yanauma ukiinama, nasema kweli, lakini unajifunza.

Na hapa ndipo ninapotaka mnisikie zaidi. Mimi sikuanza sifuri. Wote mnaokuja hapa mnaambiwa, "Sasa utaanza maisha mapya." Mapya yapi? Siku ya tatu yule kijana anahangaika na taa. Ameiweka mbali, uso wa mteja umefifia, na kitambaa cha nyuma kina mwanga sawa na uso. Nikamwambia, "Isogeze. Iko mita mbili, ilete mita moja." Akaileta, akapiga, akanitazama. "Mama, umejuaje?" Nimejuaje! Mionzi na mwanga ni ndugu. Ukimsogeza mtu umbali uwe mara mbili, mwanga unaomfikia haupungui nusu, unabaki robo. Mara tatu, unabaki sehemu moja ya tisa. Kwa hiyo taa ikiwa karibu, uso unapata mwingi na ukuta wa nyuma unaachwa gizani, na mtu anajitokeza. Hesabu hiyo nilikuwa naifanya kichwani kabla kijana huyu hajazaliwa. Yeye akanifundisha menyu za kamera na kompyuta, mimi nikamfundisha umbali. Wiki ile alikataa ada.

Kitu kingine ambacho yeye alinipa: weupe. Harusi zetu ni shela jeupe, kanzu nyeupe, na ukumbi umepakwa chokaa. Kamera haijui harusi. Inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na uso wa bwana harusi unazama kwenye kanzu yake. Lazima wewe umwongezee mwanga kwa mkono wako. Mnakumbuka picha zetu za shule, macho na meno tu? Zamani hata filamu zenyewe zilipimwa rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Kodak walikuwa nayo, ikiitwa kadi ya Shirley, na maabara wakirekebisha mashine mpaka Shirley apendeze. Sisi hatukuwemo kwenye hesabu. Kwa hiyo mtu akikwambia mama yako "hapendezi kwenye picha", mwambie hakuwahi kupigwa na aliyemkusudia.

Mjukuu wangu wa chuo ndiye aliyenisimulia habari za Julia Margaret Cameron. Mwaka 1863, Uingereza, Kisiwa cha Wight. Ana miaka 48, watoto wamekua, mume yuko Ceylon, Sri Lanka ya leo, kwenye mashamba ya kahawa. Binti yake na mkwewe wakamletea kamera imwondolee upweke. Enzi hizo picha ni kioo, unakipaka dawa, unakipiga na kukiosha kingali majimaji, mikono yote madoa meusi. Studio hana. Mnajua alifanya nini? Aliligeuza banda la kuku kuwa studio, na stoo ya makaa kuwa chumba cha giza! Nikamwambia mjukuu wangu: mwenzangu aliwatoa kuku akaweka kamera, mimi kuku walijitoa wenyewe.

Basi nikalivunja banda upande mmoja, nikaweka bati la kuangaza na shuka jeupe. Ndiyo studio yangu mpaka leo, ukija barabara yetu ukiuliza banda la kuku utaelekezwa. Na yule mama Cameron, mabingwa wa wakati wake walimsema sana kwamba picha zake zina ukungu. Mwaka 1865 jumba la makumbusho la South Kensington, ambalo leo ni Victoria and Albert, likazinunua. Zimo humo mpaka leo.

Mkisema 48 bado ni kijana, yuko Kimiko Nishimoto wa Kumamoto, Japani. Alianza akiwa na miaka 72, kwenye darasa la mwanawe. Akawa anajipiga mwenyewe picha za kuchekesha, mara amefungwa kwenye mfuko wa taka, mara anaruka angani. Alifariki mwaka 2025, miaka 97. Namtaja haraka kwa sababu pilau inanukia.

Nisije nikawaonyesha asali tu. Harusi yangu ya kwanza kubwa niliiharibu. Nilipiga ndoa asubuhi, jioni nikaingia kwenye sherehe, kadi ya kamera ikajaa, nami kwa pupa nikaifuta ile ya asubuhi nikidhani nimeshaihamisha. Ndoa nzima imekwenda. Bwana harusi akiitikia, baba mkwe akimshika mkono, vyote. Nilikwenda mwenyewe kwa mama wa bibi harusi, sikutuma ujumbe. Nikarudisha pesa yote. Yule mama alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mama Eksirei, wewe ulinipiga picha ya mguu nikiwa msichana. Ile hukuipoteza." Sijajua mpaka leo kama alikuwa ananisamehe au ananichoma. Tangu siku ile nina kadi nne, na iliyotumika haitoki kwenye pochi mpaka nimelala nikaamka.

Na macho! Mwaka 2021 wateja wakaanza kulalamika. Yule mwalimu wangu akanipigia. "Mama, usinielewe vibaya. Watu wote kwenye picha zako kama wamekaa ndani ya friji." Nikafungua kompyuta. Mimi naona sawa kabisa, nyeupe ni nyeupe. Tukabishana. Nikaenda kliniki ya macho: mtoto wa jicho, yote mawili. Jicho likiingia ukungu ule linageuka manjano, linaimeza bluu, na huyajui hayo kwa sababu yanakuja polepole. Basi mimi kwenye kompyuta nilikuwa naongeza bluu mpaka nyeupe ifanane na nyeupe ninayoijua.

Walinipasua jicho moja kwanza. Kesho yake wakatoa bandeji nikatoka nje. Ndugu zangu, mbingu! Nilifumba jicho moja, nikafumbua jingine, nikafumba, nikafumbua. Jicho la zamani linaona kanga yangu rangi ya chai, jipya linaiona bluu. Nilisimama uani nalia kwa ajili ya kanga. Kama ningekuwa nimekaa nyumbani sina kamera, ningejua? Ningezeeka ndani ya chai na kudhani dunia ndivyo ilivyo.

Kazi zangu kubwa sasa ni shughuli za wanawake. Singo, kupambwa kwa bibi harusi, kitchen party. Mnajua ndani mule mwanamume haingii, na simu zinakusanywa kwenye kapu mlangoni. Kina mama wameweka nywele, wamevua mabuibui, wanacheza kama wanavyocheza. Nani aingie na kamera? Wapiga picha wa kike wapo, mabinti wazuri wa kazi, na wengine wanapiga vizuri kunizidi. Lakini mama mwenye shughuli ananiita mimi. Kwa nini?

Kwa sababu nimenyamaza miaka 36. Chumba cha mionzi unauliza kila msichana, "Hedhi ya mwisho lini?", na unasikia majibu ambayo mama yake hayajui. Nimeona mbavu zilizovunjika za wake za watu wakubwa, faili limeandikwa "ameanguka bafuni". Umewahi kusikia jina kutoka kwangu? Hata moja? Kina mama wa Tanga wanalijua hilo. Ninapomaliza shughuli, nachapa picha, nawakabidhi na kadi yao, kwangu haibaki. Siku hizi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo ni nzuri, lakini wao hawaniiti kwa ajili ya sheria.

Mwalimu, wewe pale, watu wanakusikiliza ukisema "kaeni". Afande, wewe unaweza kupanga watu mia wakapangika. Karani, wewe hupotezi karatasi. Mnadhani hivyo vinarudishwa ofisini pamoja na funguo?

Pesa. Najua mnasubiri. Kamera ya mtumba na lenzi moja ya milimita 50 ilinigharimu shilingi 1,150,000, na sikununua nyingine kwa miaka mitatu. Usiguse kiinua mgongo chote. Nasema tena: usiguse chote! Mwezi mzuri napata laki nne, laki tano. Shaabani nakimbia, Ramadhani sipati hata senti, Mfunguo Mosi sioni usingizi. Pensheni ndiyo inayonilisha, kamera inanisomesha mjukuu na kunilipia umeme. Anayekwambia utatajirika na picha baada ya miaka 60, muulize anauza kamera?

Jumamosi siuzi kitu. Jumamosi naenda kuwapiga wazee majumbani mwao, bure, picha moja moja, nachapa nawapelekea. Mzee mmoja aliyekata mkonge tangu ujana, vidole vimepinda, aliniangalia akaniuliza, "Hii ya kufia?" Nikamwambia, "Ya kufia utapigwa ukifika tisini. Hii ya ukutani." Akaingia ndani akatoka na kanzu ya Idi na kofia. Akakaa, akakaza uso, akajaza kifua, akabana pumzi. Kama vile yuko kwangu zamani! Watu wa rika letu wote hubana. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho kazi yangu ya kwanza ilinificha. Kifua kinaonekana pumzi ikibanwa. Uso unaonekana pumzi ikitoka. Nikamwacha abane mpaka akachoka, akaachia, mabega yakashuka, macho yakarudi nyumbani. Nikapiga.

Wiki mbili baadaye akaja kwa baiskeli mpaka bandani. Nilidhani haikumpendeza. Akasema, "Mke wangu anauliza, na yeye lini?"

Basi. Mwenyekiti ananionyesha saa, ni saa sita kasoro. Ile mikono sita niliyoihesabu sijaisahau. Ambao mama zenu bado wapo, mlango wa banda mnaujua. Kwa sasa nawaomba nyote mtoke nje kabla ya kupakua. Jua la saa hii ni baya, linatia kivuli machoni, kwa hiyo tusimame chini ya mwembe ule. Warefu nyuma. Kina mama msikae pembeni, njooni katikati. Ndugu yetu wa hatifungani, na wewe ingia, weka mkoba chini. Mzee wa mbavu, leo nigeuzie uso.

Haya. Vuteni pumzi.

Msibane. Pumueni.